Namna ya Kupanga Tarehe za Kuita Mtaji Katika Mfuko Binafsi wa Majengo

Mfuko binafsi wa majengo haukusanyi fedha zote siku ya kwanza. Kila mwekezaji hutia saini ahadi, tuseme ya shilingi milioni 25, kisha hukaa na fedha yake mpaka meneja wa mfuko atakapomwandikia barua ya kumtaka alete sehemu fulani ya ahadi hiyo kabla ya tarehe iliyotajwa. Barua hiyo ndiyo mwito wa mtaji. Utaratibu huu umekomaa katika mifuko mikubwa ya Marekani na Ulaya, lakini unafaa vilevile kwa watu ishirini au thelathini wanaofahamiana hapa Mbeya, Iringa au Njombe na wanaotaka kujenga kwa pamoja hosteli ya wanafunzi, fremu za biashara au ghala la nafaka.

Nimeweka vitabu vya mfuko mdogo wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba watu hujadiliana kwa saa nyingi juu ya kiasi cha ahadi na adhabu ya wasiolipa, kisha suala la tarehe huachiwa meneja aamue mwenyewe siku ikifika. Kosa linaanzia hapo. Mwito ukitangulia mno, fedha hulala benki bila kazi huku faida ambayo mwekezaji ameahidiwa ikiendelea kuhesabiwa. Ukichelewa, fundi husimama, na huku kwetu fundi akisimama mwezi wa kumi, mvua huzikuta kuta hazina paa.

Anza na siku ya malipo, urudi nyuma

Usiulize kwanza ni lini wanachama wana fedha. Uliza ni lini fedha itatoka kwenye akaunti ya mfuko, na kwa nani. Nitumie mfano wa hosteli jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwaka wa masomo wa vyuo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na mwanafunzi akishapata chumba kwingine hahami kirahisi katikati ya mwaka, hivyo hosteli inayokamilika Desemba imepoteza sehemu kubwa ya pango la mwaka mzima. Kwa hiyo vyumba viwe tayari mwanzoni mwa Oktoba. Ili hilo liwezekane, paa liwe limekaa kufikia katikati ya Agosti, kuta zipande Julai, na msingi uchimbwe Mei, mara mvua zinapokatika. Kwani nyanda zetu zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizikia Aprili au Mei. Tena mwenye haraka akumbuke kwamba Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, na zege kwenye baridi huchelewa kukomaa, kwa hiyo ratiba iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam isitumike Uyole wala Mafinga bila kuongezwa siku.

Ratiba hiyo inakupa siku za malipo: kununua kiwanja kati ya Januari na Machi, malipo ya awali ya mkandarasi mwishoni mwa Aprili, malipo ya kuta na paa kuanzia Julai, na ya umaliziaji Septemba. Kutoka kila siku ya malipo, rudi nyuma kwa hatua tatu. Kwanza, toa siku chache za kazi kwa ajili ya fedha kuingia, kuhakikiwa na kupata saini za watu wawili au watatu wanaoidhinisha malipo. Pili, toa siku za huruma ambazo mkataba unampa mchelewaji. Mkataba wetu unatoa siku tano. Tatu, toa muda wa taarifa wenyewe, ambao katika mikataba mingi ya mifuko ya aina hii ni siku kumi za kazi.

Siku za kazi zina mtego wake. Chukua mwaka 2026, na tuseme mkandarasi anapaswa kulipwa Jumatatu tarehe 27 Aprili. Meneja anatuma barua Jumatatu tarehe 30 Machi, akidhani siku kumi za kazi zitaisha Jumatatu tarehe 13 Aprili. Amesahau kwamba Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Siku ya Karume ni tarehe 7, yaani siku tano mfululizo ukijumlisha mwisho wa wiki. Hesabu sahihi inaangukia Alhamisi tarehe 16 Aprili. Bado amepona, kwa sababu kutoka hapo hadi tarehe 27 zimebaki siku sita za kazi kamili. Lakini kama angalikata hesabu yake bila akiba, siku tatu zilizopotea zingemfanya amwombe mkandarasi subira kabla hata ya jembe la kwanza kupigwa. Kwa sababu hiyo barua isiseme tu "ndani ya siku kumi za kazi". Iandike tarehe yenyewe, na saa ambayo fedha inapaswa kuwa imeonekana kwenye akaunti. Kutuma ni jambo moja na kupokelewa ni jambo jingine, hasa kwa mwanachama anayetuma kutoka nje ya nchi.

Kuhusu kiasi, ita kile utakachokitumia ndani ya siku 60 hadi 90 zijazo, pamoja na akiba ndogo isiyozidi sehemu ya kumi. Kwa wanachama 24 wenye ahadi ya milioni 25 kila mmoja, mfuko una ahadi za milioni 600. Mwito wa kwanza wa asilimia 20 ungeleta milioni 120 za kiwanja, ushuru wa stempu ambao ni asilimia moja ya bei, wakili, ramani na kibali cha ujenzi. Wa pili na wa tatu ungekuwa wa asilimia 30 kila mmoja, kwa msingi na kwa kuta na paa. Asilimia 20 iliyobaki ikae kwa wenyewe kwa ajili ya umaliziaji na dharura. Wapo mameneja wanaoita kidogokidogo kila mwezi wakidhani wanawahurumia wanachama. Kwa maoni yangu hiyo ni karaha: kila mwito una barua zake, simu zake na wachelewaji wake. Miito minne kwa mwaka inatosha mfuko wa ukubwa huu.

Kiwanja kinahitaji tahadhari yake peke yake. Usiite bei yote kwa sababu tu muuzaji amekubali kuuza. Subiri hadi upekuzi katika ofisi ya ardhi uthibitishe mwenye hati na kama kuna rehani, kisha mkataba wa mauzo utenganishe malipo ya awali na malipo ya kukamilisha uhamisho. Fedha iliyoitwa kwa kiwanja ambacho kinagubikwa na mgogoro wa familia hulala muda mrefu kuliko fedha nyingine yoyote ninayoijua.

Kalenda ya pili ni ya fedha za wanachama wenyewe

Mwito wetu wa kwanza kabisa tuliutoa Februari. Hesabu ya upande wa kiwanja ilikuwa sahihi, na barua ilitoka mapema. Lakini Januari wazazi walikuwa wamelipa ada za shule, wakulima walikuwa wamekwisha kuizika fedha yao shambani kwa mbolea na palizi, na wafanyabiashara wa mbao walikuwa na magari yaliyokwama kwenye tope. Siku ya mwisho ilipofika tulikuwa tumepata chini ya nusu. Muuzaji alingoja wiki mbili, akauza kwa mwingine.

Baada ya hapo tuliingia kosa la pili, ambalo linafanana sana na busara. Tuliamua kwamba kwa kuwa hii ni nchi ya wakulima, miito yote ifuate mavuno. Juni tukaita. Mzee mmoja mwenye mpunga wake Mbarali akanipigia simu akasema, "Mhasibu, fedha yangu iko kwenye magunia. Ukinilazimisha kuuza leo, wewe unajenga nyumba na mimi nabomoa." Alikuwa na haki. Mpunga huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai, na ndipo bei inapokuwa chini. Mwenye ghala huuweka hadi mwisho wa mwaka au mwanzo wa mwaka unaofuata bei inapopanda. Mavuno na fedha si kitu kimoja.

Kwa hiyo jambo la kufanya, na hili lifanyike kabla ya kutia saini mkataba, ni kumwuliza kila mwanachama maswali mawili: fedha yako huingia mwezi gani, na mwezi gani huna kabisa. Majibu yatatofautiana hata katika wilaya jirani. Mkulima wa kahawa wa Mbozi huchuma katikati ya mwaka, lakini anayeuza kupitia chama cha ushirika hulipwa baada ya mnada, si siku anapopeleka kahawa. Mwenye chai Rungwe au Mufindi hupata kipato kinachogawanyika kwa mwaka, kikipungua majani yanapopungua kwa ukame na baridi. Mfanyabiashara wa Tunduma ana fedha kila siku, ila imo kwenye mzigo. Mtumishi wa umma hupata mshahara mwishoni mwa mwezi, na kwake tarehe 28 ina maana kubwa kuliko msimu wowote. Andika majibu haya kwenye jedwali moja la miezi kumi na miwili, kisha liweke kando ya ratiba ya ujenzi.

Utaona kwamba kalenda hizi mbili hazikubaliani. Ujenzi unataka fedha kati ya Aprili na Septemba, ilhali wenye mpunga na mahindi wanapendelea Oktoba hadi Desemba, na Januari haimfai mtu yeyote mwenye watoto shuleni. Mfuko hauwezi kuzipatanisha kwa ukamilifu, wala usijaribu. Unaloweza kufanya ni kutoa ratiba ya makadirio ya mwaka mzima mapema, tuseme Oktoba, ikionyesha miezi na asilimia za miito inayotarajiwa, ili mwenye mpunga aamue mwenyewe kama atatenga fedha ya Aprili kutokana na mauzo ya Desemba. Ratiba hiyo si mwito na haimfungi meneja. Iseme hivyo waziwazi. Lakini mwanachama aliyejua miezi sita kabla hana sababu ya kushangaa, na tangu tuanze kuitoa, simu za malalamiko zimepungua kuliko zilivyopungua kwa adhabu yoyote.

Njia nyingine ni kumruhusu anayetaka kulipa mapema alipe mapema. Iko hatari moja hapa: kama mkataba unahesabu faida ya kipaumbele, yaani ile wanayolipwa wawekezaji kabla meneja hajapata sehemu yake, kuanzia siku fedha inapopokelewa, anayelipa Desemba kwa mwito wa Aprili ataanza kuhesabiwa faida kwa fedha isiyofanya kazi. Andikeni kwamba malipo ya mapema hukaa kama amana tu, na huhesabiwa kuwa mtaji kuanzia tarehe ya mwito.

Mkopo wa daraja: dawa ya wengine inaweza kuwa sumu kwetu

Mifuko mikubwa ya nje huwa haiwaiti wawekezaji kila mara kiwanja kinapopatikana. Meneja hukopa benki kwa dhamana ya ahadi ambazo hazijaitwa, hununua, kisha huita mtaji baada ya miezi kadhaa kulipa mkopo huo, ambao ndio mkopo wa daraja. Inampa wepesi, lakini pia inapamba hesabu zake, kwa kuwa kiwango cha faida kwa mwaka hupimwa kuanzia siku mwekezaji alipotoa fedha. Jambo hili lilileta manung'uniko ya kutosha hata ILPA, chombo cha kimataifa cha wawekezaji katika mifuko binafsi, kikatoa mwongozo Juni 2017, na mwingine Juni 2020 wa kudai uwazi zaidi. Mwongozo wa 2017 ulipendekeza, pamoja na mengine, kwamba mkopo wa namna hiyo usikae zaidi ya siku 180.

Tuone hesabu. Mfuko unanunua jengo kwa milioni 100 na kuliuza baada ya miaka mitatu kwa milioni 150. Mtaji ukiitwa siku ya kwanza, faida ni milioni 50, sawa na takriban asilimia 14.5 kwa mwaka. Sasa tuseme mwaka wa kwanza unabebwa na mkopo wa riba ya asilimia 5. Wawekezaji wanaitwa mwishoni mwa mwaka huo na kulipa milioni 105, wanapata milioni 150 baada ya miaka miwili. Faida imeshuka hadi milioni 45, lakini kiwango kimepanda hadi asilimia 19.5. Mwekezaji ana fedha pungufu mfukoni, na meneja ana takwimu nzuri zaidi karatasini. Weka riba ya asilimia 16, ambayo si ngeni kwa mikopo ya shilingi hapa nchini: wawekezaji wanalipa milioni 116, faida inabaki milioni 34, na kiwango nacho kinashuka hadi asilimia 13.7. Yaani huku kwetu mkopo wa daraja hauna hata lile pambo.

Ushauri wangu ni kwamba mfuko mdogo uutumie kwa jambo moja tu, nalo ni kuziba pengo la wiki chache pale fursa inapokuja katikati ya kipindi cha taarifa, na tarehe ya mwito wa kuulipa iwe imeshatolewa kabla mkopo haujachukuliwa.

Barua yenyewe na watakaochelewa

Barua ya mwito iwe ya ukurasa mmoja. Itaje kiasi anachodaiwa mwanachama huyo, asilimia ya ahadi yake, kazi itakayofanywa, tarehe na saa ya mwisho, akaunti, na salio la ahadi litakalobaki baada ya malipo haya. Namba ya akaunti iwe ileile iliyomo kwenye mkataba, na barua ieleze kwamba mfuko hautabadilisha akaunti kwa ujumbe wa simu wala barua pepe; mwanachama akipata ujumbe wa namna hiyo apige simu kwanza kwa mtu anayemjua sauti. Matapeli wanapenda sana miito ya mtaji, kwa sababu mlipaji anajua kuna fedha anayopaswa kutuma na tarehe inambana.

Mchelewaji ashughulikiwe kwa ngazi ambazo zilikubaliwa wakati watu wote wakiwa bado marafiki. Siku za huruma zikiisha riba inaanza. Baada ya siku 30 haki ya kupiga kura inasimamishwa. Baada ya hapo hisa zake zinaweza kuuzwa kwa wenzake kwa bei iliyopunguzwa. Baadhi ya mikataba ya Marekani humruhusu meneja kumwondolea mchelewaji nusu ya sehemu yake. Kwa kundi la watu wanaokutana msibani na kanisani nisingefika huko, lakini nisingeacha pia kuandika riba, tena iwe juu kuliko ya benki, la sivyo mfuko utakuwa mkopeshaji nafuu kuliko wote mjini. Pengo liitwe upya kwa waliobaki kwa kikomo kilichowekwa, ili mlipaji mwaminifu asijikute anabeba ahadi za watatu.

Kama ununuzi umeshindikana, fedha isikae ikingoja bahati nyingine. Weka kifungu kinachotaka irudishwe ndani ya siku 60 au 90, na kiasi kilichorudishwa kiongezwe tena kwenye salio la ahadi. Gharama ya kuichelewesha inahesabika: milioni 100 zilizolala miezi minne, kwa faida ya kipaumbele ya asilimia 10, ni zaidi ya milioni tatu ambazo meneja atazidaiwa kabla hajapata chochote.

Kwa anayesubiri kuitwa

Mwekezaji naye ana kazi yake. Ahadi isiyoitwa ni deni, na fedha yake isiwekwe mahali ambapo kutoka kwake ni kwa tabu. Dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 91, 182 au 364, zinaweza kupangwa ziive karibu na miezi iliyo kwenye ratiba ya makadirio, na mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa sehemu inayoweza kuhitajika ghafla. Hatifungani ya miaka 25 inalipa vizuri zaidi, ila anayelazimika kuiuza kabla ya wakati hupokea bei ya soko la siku hiyo. Wala asiahidi mifuko mitatu kwa fedha ya mmoja akitumaini kwamba haitaita pamoja. Chuo Kikuu cha Harvard, chenye hazina kubwa kuliko ya chuo chochote duniani, kiliingia msukosuko wa kifedha wa 2008 kikiwa na ahadi zisizoitwa za karibu dola bilioni 11, na ilibidi kikope kupitia hatifungani ili kupata fedha taslimu.

Kumbuka pia mipaka ya sheria kabla ya kuongeza wanachama ili miito iwe myepesi. Kampuni binafsi, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002, haivuki wanachama 50, na ukianza kualika umma kuchangia umeingia kwenye eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, lenye leseni na masharti yake.

Mwito wa mwisho

Jengo likikabidhiwa, sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe. Usiiite fedha hiyo Oktoba kwa sababu tu jengo limefunguliwa. Iache kwa wanachama, na uipange iingie wiki mbili kabla ya ukaguzi wa mwisho. Kwa nyanda zetu ningependa kipindi hicho kivuke masika yote, kwa kuwa paa la Novemba hujulikana ubora wake Machi. Ukaguzi ukimalizika na mkandarasi akalipwa, meneja aandike barua moja zaidi kwa kila mwanachama, inayotaja tarehe halisi ambazo kila mchango wake ulipokelewa, jumla yake, na kiasi cha ahadi ambacho hakitaitwa tena, ili kuanzia siku hiyo kila mmoja awe huru kukitumia atakavyo.